Kengele ya Kompyuta Inaposema Uongo: Somo la Kuhakiki Habari

  

  Mwaka huu nimeombwa niandike somo la kompyuta badala ya somo la fiqhi nililolizoea. Nimekubali, lakini mtaona kwamba sikwenda mbali sana na darasa langu.

Wengi wenu mnaikumbuka jioni ile, baina ya Magharibi na Isha, kompyuta ya ofisi ilipoanza kulia. Mlio ulikuwa mwembamba na haukatiki, na kwenye skrini kulikuwa na kisanduku chekundu kinachosema kwamba joto ndani ya mashine limefika nyuzi 127 za sentigredi. Kijana aliyekuwa akiingiza alama za mtihani alipiga kelele, "Ustadhi, mashine inaungua!" Kabla sijafika mlangoni, mwenzake alikuwa ameshachomoa waya ukutani. Alama za somo la Qur'an za darasa zima zilikuwa hazijahifadhiwa. Tulizirudia kutoka kwenye karatasi za majibu, na karatasi mbili hazikuonekana. Wanafunzi wawili ilibidi wafanye mtihani upya ilhali wao hawakukosa lolote, na mmoja wao alipata alama ndogo kuliko alizokuwa nazo mwanzo.

Siku ya pili tuliipeleka mashine mjini kwa fundi. Aliusikiliza ule mlio, akatikisa kichwa, akasema mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) imekufa na inunuliwe nyingine. Wazazi walikuwa ndio kwanza wamemaliza kuchangia mabati ya darasa. Nilimshukuru, nikairudisha mashine Itaka, nikaomba uongozi unipe wiki moja.

Katika wiki hiyo nilijifunza kwamba mashine haikuwa na joto hata kidogo. Habari ilikuwa ya uongo, na tulikuwa tumeshawadhulumu watoto wawili kwa sababu yake. Surat Al-Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tuliyoletewa ili tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Nilikuwa nimeifundisha aya hiyo mwezi uliotangulia.

Mashine yetu kwa ufupi

Kompyuta yetu ni ya mezani, ya mtumba, na inatumia Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na kijana Mfini aitwaye Linus Torvalds, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuibadilisha bila kununua leseni. Kwa madrasa ya kijijini hilo ni jambo kubwa, kwani hatupendi kufundisha amana kwa kutumia programu ya wizi. Hapa Tanzania mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili. Hata Waislamu waliwahi kuwa na Linux yao: ilianza mwaka 2007 kama Ubuntu ya Waislamu, baadaye ikaitwa Sabily, ikiwa na programu za kusoma Qur'an na za nyakati za sala. Haitengenezwi tena, lakini programu ya Qur'an iitwayo Zekr bado mnaiona kwenye mashine yetu.

Habari ina wasimulizi

Wanafunzi wa mustalah al-hadith wanajua kwamba habari haipokelewi kwa kuwa inatisha au inapendeza. Tunatazama isnadi, yaani mlolongo wa wasimulizi, tukamchunguza kila mmoja: je, ni mkweli? Je, hifadhi yake ni nzuri? Je, alikutana kweli na yule anayesimulia kutoka kwake? Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki mwaka 852 Hijria) aliwapanga wasimulizi katika daraja 12 ndani ya kitabu chake Taqrib al-Tahdhib. Simaanishi kulinganisha maneno ya Mtume (S.A.W.) na mlio wa mashine, Allah atuepushe. Ninaiazima njia ya wanazuoni tu, kwa sababu sijaona njia bora kuliko hiyo ya kuitatua kengele ya kompyuta.

Kisanduku chekundu cha skrini ni msimulizi wa mwisho, wa tano. Yeye hakupima kitu. Amesikia kutoka kwa msimulizi wa nne, maktaba ya programu iitwayo lm_sensors, ambayo hugeuza nambari ghafi kuwa nyuzi, volti na mizunguko kwa kufuata faili la maelekezo. Maktaba nayo imesikia kutoka kwa draiva iliyomo katika kiini cha Linux. Draiva imesoma kutoka kwenye chipu ya upimaji iliyo kwenye mazabodi. Na chipu imesikia kutoka kwa kihisi, yaani kidude kidogo kinachobadilika umeme wake kadiri joto linavyobadilika. Huyo ndiye msimulizi wa kwanza, na ndiye pekee aliyelishuhudia joto.

Kila mmoja wa hawa watano anaweza kukosea kwa namna yake. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, mashine ina joto?" Uliza, "Nani kasema, na kasikia kwa nani?"

Namna ya kuwasikiliza

Fungua dirisha la amri, uandike:

sensors

Kama mashine haina amri hiyo, sakinisha kifurushi cha lm-sensors, kisha utumie amri ya sudo sensors-detect, ambayo huitafuta chipu na draiva yake. Itakuuliza maswali mengi. Kubali jibu ambalo yenyewe imelipendekeza. Ukaidi hapa una gharama. Miaka ya mwanzo ya 2000 baadhi ya kompyuta za IBM ThinkPad ziliharibiwa kumbukumbu zao za kuwashia kwa kupekuliwa na programu hii, na ndipo watunzi wake wakaweka tahadhari.

Jambo la kwanza ambalo nisingelijua kama sikulisoma: tumia amri ya sensors mara mbili, ukiacha sekunde chache katikati, na ulisadiki jibu la pili. Chipu nyingi huishika alamu hadi isomwe. Kama volti ilitikisika sekunde ile ya kuwasha mashine, neno ALARM litabaki limeandikwa hata kama mtikisiko ulikwisha zamani, na msomaji wa kwanza ndiye atakayeliona. Huyo si mwongo. Anasimulia jambo lililopita kama kwamba lipo sasa. Likitoweka katika usomaji wa pili, andika tarehe kwenye daftari, usifanye zaidi. Sisi tulisoma mara mbili, mara tatu, na ile 127 ilibaki palepale.

Wasimulizi wetu walipochunguzwa

Hii ni sehemu ya yale tuliyoyaona kwenye skrini:

in4: +3.02 V ALARM
fan1: 2410 RPM
fan3: 0 RPM ALARM
temp1: +38.0°C
temp3: +127.0°C ALARM

Alamu tatu kwa mpigo. Ukizitazama kwa haraka utasema fundi yule alisema kweli: umeme umeshuka, feni imesimama, na mashine inaungua. Sasa tuzichukue moja moja.

Tuanze na 127. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na huku kwetu kwenye nyanda za juu huchemka hata kabla ya kufika hapo. Kitu chenye nyuzi 127 ndani ya sanduku lile kingekuwa kimeshatoa harufu. Nilizima mashine, nikachomoa waya, nikafungua ubavu, nikagusa kile kipande cha alumini kinachopoza prosesa. Kilikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai iliyosahauliwa. Basi 127 imetoka wapi? Chipu za namna hii huliandika joto kwa biti 8 pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa, na nambari kubwa kabisa inayoweza kuandikwa hivyo ni 127. Ndogo kabisa ni −128. Kwa hiyo 127 mara nyingi si kipimo. Ni chipu kusema, "Nimefika mwisho wa rula yangu." Chipu yetu ina nafasi ya vihisi vitatu, lakini aliyeitengeneza bodi alifunga viwili tu. Mguu wa tatu haujaunganishwa na kitu. Mnalikumbuka neno munqati', isnadi iliyokatika? Huyu anasimulia kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Ile fan3 yenye sifuri ni jambo jepesi zaidi. Kwenye bodi kuna plagi tatu za feni, na mashine yetu ina feni mbili. Plagi tupu haizunguki. Lakini jihadhari: sifuri ya plagi tupu na sifuri ya feni iliyokufa zinafanana kwenye skrini, na njia ya kuzitofautisha ni kufungua sanduku na kufuata waya kwa macho. Katika chipu nyingine za zamani, feni inayozunguka polepole pia husomeka sifuri, kwa sababu chipu inahesabu muda wa mzunguko na muda huo unazidi kile inachoweza kukihesabu. Hapo hubadilishwa kigawanyo, fan1_div, na nambari hurudi.

Ya volti ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Waya wa volti 12 ulisomeka 3.02. Volti 12 halali huruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5, yaani kutoka 11.4 hadi 12.6, kwa hiyo 3.02 ni balaa. Ila kama ingekuwa kweli, hadidiski isingezunguka na feni zisingepuliza, na vyote viwili vilikuwa vinafanya kazi mbele ya macho yangu. Siri ni hii: chipu haiwezi kupima zaidi ya volti 4 na kitu. Mtengeneza bodi huupunguza umeme kwa vizuizi viwili kabla haujaifikia chipu, na ni kazi ya msimulizi wa nne kuurudisha kwa kuzidisha. Katika bodi nyingi za namna yetu kiasi chake ni 30/10 + 1, yaani mara 4. Zidisha 3.02 kwa 4, unapata 12.08. Umeme mzuri kabisa! Kumbe aliyetangulia kuitumia mashine hii aliandika kikomo cha chini cha volti 11.4 bila kuandika kanuni ya kuzidisha. Chipu ikaambiwa ipige kelele chini ya 11.4, na yenyewe haijawahi kufika hata 5 tangu ilipotengenezwa. Msimulizi mkweli, hifadhi nzuri, lakini aliyempokea hakujua lugha yake.

Kuna kengele nyingine za uongo ambazo hazikutupata sisi lakini zinaweza kumpata jirani. Moja ni intrusion, inayodai kwamba sanduku limefunguliwa. Masanduku mengi hayana swichi hiyo kabisa, au alamu imebaki tangu fundi alipofungua mara ya mwisho. Nyingine ni ya prosesa za AMD. Draiva yake, k10temp, hutoa nambari iitwayo Tctl, na maelezo ya draiva yenyewe yanasema si joto halisi la kitu chochote bali ni kiwango cha kuendeshea feni. Katika Ryzen 7 1700X na 1800X nambari hiyo imeongezwa nyuzi 20 makusudi. Mtu akaona 70, akaogopa, kumbe ni 50. Na katika baadhi ya prosesa za AMD za nyuma zaidi, kihisi chenyewe kilikuwa na kasoro ya kiwandani, hata draiva hukataa kufanya kazi mpaka ulazimishe. Draiva hiyo ina uchamungu kuliko watu wengi: haijui, basi inanyamaza.

Shahidi wa pili

Akili peke yake haitoshi kuitupa habari. Kabla sijasema kwamba kengele ni ya uongo nilitafuta mashahidi wengine, na nataka muwafahamu vizuri kwa sababu hapa ndipo watu hukosea.

Shahidi wa karibu ni BIOS, ile skrini unayoiingia kwa kubonyeza Delete au F2 wakati mashine inawaka. Ndani yake kuna ukurasa wa joto na volti. Lakini BIOS haiko nje ya isnadi yetu. Inamsikiliza chipu yuleyule. Tofauti ni kwamba inaijua hesabu ya bodi yake. Kwa hiyo BIOS ikisema 12.08 na Linux ikasema 3.02, kosa liko kwa wasimulizi wa juu, draiva au maktaba. BIOS nayo ikisema 127, kosa liko chini, kwenye chipu au kihisi. Kwetu BIOS ilisema 12.1 kwa volti, na ule ukurasa haukuwa na joto la tatu kabisa. Mtengenezaji mwenyewe hakumtambua msimulizi huyo.

Shahidi wa nje kabisa ni mita ya fundi. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya akiba, na mashine ikiwa inawaka: njano ni volti 12, nyekundu ni 5, ya machungwa ni 3.3. Kazi hii ni ya mtu mzima, tena mwenye mkono mtulivu. Lile boksi la pawasaplai lenyewe asilifungue mtu yeyote, hata likiwa limechomolewa, kwani ndani yake hubaki umeme wa kuua.

Prosesa nyingi za Intel pia zina kihisi chake ndani, kinachosomwa na draiva ya coretemp bila kupitia chipu ya bodi. Huyo ni shahidi mwenye isnadi fupi. Ana tabia yake: anachopima hasa ni umbali uliobaki mpaka kikomo cha juu cha prosesa, kwa hiyo hukosea kidogo wakati wa ubaridi na husema vizuri zaidi joto linapokaribia hatari. Na ndipo tunapomhitaji.

Jaribio nililolipenda zaidi halihitaji kifaa. Andika watch sensors katika dirisha moja, na katika dirisha jingine andika yes > /dev/null ili kuitwika prosesa mzigo usio na faida. Subiri dakika tano, kisha usimamishe kwa Ctrl na C. Kihisi kilicho hai hupanda na kushuka. Cha prosesa yetu kilitoka 38 kikafika 61, kikarudi. Ile 127 haikutikisika hata kwa nukta. Katika baridi yetu ya mwezi wa Juni na Julai kuna jaribio jingine zuri: mashine ikiwa imelala imezimwa, iwashe alfajiri. Hakuna kitu ndani yake kinachoweza kuwa baridi kuliko chumba, kwa sababu feni haitengenezi ubaridi, inapeleka hewa ya chumba tu. Kihisi kinachosema nyuzi 4 katika chumba cha nyuzi 12 kimejishuhudia chenyewe kwa uongo.

Kosa langu

Sasa nieleze jambo ambalo sikupenda kuliandika. Nilipojua kwamba kengele ni ya uongo, nilichoka na ule mlio, nikaamua kuuzima. Nilizima mlio nikidhani ni wa kihisi cha tatu peke yake, nikaona kimya, nikamshukuru Allah, nikaenda zangu kusalisha. Sikusoma vizuri. Katika familia ya chipu yetu kuna swichi moja tu ya mlio kwa vihisi vyote vya joto. Nilipomnyamazisha mwongo nilimnyamazisha na mkweli aliyekaa pembeni yake. Kisha, kwa kuwa kile kisanduku chekundu kilikuwa kinatuudhi, nikakizima nacho.

Zikapita wiki kadhaa. Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa, vumbi limejaa kila mahali, na tulikuwa na desturi ya kuifunika mashine kwa kitambaa. Siku moja ilijizima yenyewe wakati wa kuchapa vyeti. Tukasema ni umeme. Ikajizima tena. Tukasema ni umeme. Mara ya tatu mwanafunzi mmoja wa darasa la juu, binti mtulivu ambaye hasemi ovyo, aliniambia, "Ustadhi, taa ya ofisini haikuzimika." Nilifungua sanduku. Uzi wa kile kitambaa chetu ulikuwa umejizungusha kwenye feni ya prosesa, na feni imesimama. Prosesa ilikuwa inajizima yenyewe ili isiungue, jambo ambalo Allah aliwajaalia watengenezaji wake kulifikiria. Mfumo wa kuonya ulikuwepo, kihisi kilikuwepo, na mimi ndiye niliyewafunga midomo.

Katika fiqhi tunasema yakini haiondoki kwa shaka. Mwenye udhu akishuku tu kwamba umetenguka, anabaki na udhu wake. Nilikuwa nimeitumia kanuni hii upande mmoja. Nilikuwa na yakini kwamba kihisi cha tatu ni kibovu. Kuhusu cha kwanza sikuwa na sababu yoyote ya kumshuku, na bado nilimtupa.

Namna tulivyorekebisha

Tulirudisha mlio wa joto na kisanduku chake, tukaandika faili dogo, /etc/sensors.d/itaka.conf:

chip "it8718-*"
label temp1 "Joto la prosesa"
label temp3 "Mguu mtupu"
set temp1_max 70
set temp3_max 127
label in4 "+12V"
compute in4 @ * 4, @ / 4
set in4_min 11.4
set in4_max 12.6
set fan1_min 1200
ignore fan3

Halafu sudo sensors -s, ili vikomo vipelekwe kwenye chipu. Usilinakili faili hili kwa mashine yako. Kila bodi ina vizuizi vyake na mpangilio wake. Litazame namna lilivyojengwa tu. Mstari wa compute una pande mbili: wa kwanza hutafsiri kutoka kwenye chipu kuja kwetu, wa pili hutafsiri kikomo chetu kurudi kwenye chipu. Kihisi cha tatu hatukukiziba mdomo. Tulikipandishia kikomo hadi 127, na kwa kuwa hakiwezi kusema zaidi ya hapo, hakilii tena, huku swichi ya mlio wa joto ikiwa wazi kwa ajili ya prosesa. Neno ignore huondoa msimulizi asiyekuwepo kwenye orodha ya skrini. Halizimi mlio unaotoka kwenye chipu yenyewe.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo kila anayerekebisha kengele alifanye: tuliifanya ilie kwa makusudi. Tulishusha temp1_max hadi 30, tukatumia sensors -s, na ikalia. Tukairudisha 70, ikanyamaza. Tukapandisha fan1_min juu ya mwendo wa feni, ikalia tena. Feni hatukuisimamisha kwa kidole, na ole wake nitakayemkuta anafanya hivyo. Kitambaa cha kufunika sasa huwekwa mashine ikiwa imezimwa tu.

Na ikilia tena? Kwanza Ctrl na S, uhifadhi kazi yako. Kisha sensors mara mbili. Kama prosesa kweli imepanda, zima kwa utaratibu kutoka kwenye menyu na uniite. Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi, hapo hapana kuhakiki: chomoa waya na utoke. Na kama kengele inatoka kwa smartd, inayochunguza hadidiski, ikataja Reallocated_Sector_Ct au Current_Pending_Sector yenye nambari inayokua, usianze kubishana na isnadi. Nakili mafaili kwenye flashi siku hiyohiyo, ubishane kesho.

Zoezi

1. Mashine ya jirani inaonyesha in3: +2.98 V, na bodi yake inapunguza waya wa volti 5 kwa kiasi cha 6.8/10 + 1. Volti halisi ni ngapi? Je, iko ndani ya asilimia 5?

2. Usiku wa manane mashine ilisomeka temp2: −128°C, chumba kikiwa na nyuzi 14. Msimulizi gani kati ya watano utamshuku kwanza, na kwa ushahidi upi?

3. BIOS inasema feni inazunguka mara 900 kwa dakika, Linux inasema sifuri. Je, feni ni nzima? Kosa linaweza kuwa wapi?

4. Betri ndogo ya bodi, Vbat, inasomeka volti 2.3 badala ya 3, na saa ya kompyuta hurudi nyuma kila inapozimwa. Je, kengele hii ni ya kweli? Eleza itakavyoathiri jedwali la nyakati za sala tunalolichapa kwenye mashine hiyo.

Majibu yaandikwe kwenye kurasa za nyuma za daftari la fiqhi na yaletwe Jumamosi baada ya Adhuhuri.